Pesa Nyingi, Sauti Ile Ile



Ugomvi wa fedha katika nyumba nyingi hauanzi na mambo makubwa. Hauanzi na shamba wala karo. Mara nyingi unaanza na kitu kimoja ambacho mmoja wenu anakipenda sana na mwenzake haoni maana yake. Leo tutazungumza juu ya kitu cha namna hiyo: mashine ya muziki. Akina mama, msicheke bado. Na akina baba, msifunge ukurasa.

Tuwaweke mbele yetu mume na mke wanaoishi Doldol, kule kaskazini mwa Nanyuki ambako mvua ni haba na mifugo ndiyo benki. Ni mfano tu, hatumsemi mtu. Mume ana mshahara mdogo wa kila mwezi, na familia ina ng'ombe kadhaa na mbuzi. Walipofunga ndoa walikuwa na redio moja ya betri iliyokwaruza. Baadaye mume akanunua wufa yenye spika mbili ndogo, na nyumba nzima ikafurahi. Habari zikasikika vizuri, nyimbo za kwaya zikasikika sauti zote nne, jirani wakaja kusikiliza. Mke mwenyewe alisifu. Miaka miwili ikapita, mume akauza mtamba mmoja, akaleta amplifaya kubwa na spika mbili zinazofika kiunoni. Mke akasikiliza, akasema, "Ni nzuri, Baba watoto," lakini hakusema kwa moyo ule wa kwanza. Sasa mume anataka kuuza mtamba wa pili. Ameambiwa kwamba amplifaya yake haifai spika zile, kwamba nyaya zake ni duni, na kwamba akiongeza kidogo tu atasikia mambo ambayo hajawahi kuyasikia. Mke anataka tangi la maji. Wanalala wamegeuziana migongo.

Nani ana haki? Tusiwe wepesi wa kumhukumu mume. Mtu anayependa muziki si mlevi wala si mzururaji. Yuko nyumbani kwake, pamoja na watoto wake. Lakini tusimhukumu mke pia kwamba hana masikio. Kwa kweli masikio ya mke yamekwisha kusema jambo ambalo wataalamu wa uchumi waliliandika zamani.

Mzinga wa kwanza na mzinga wa ishirini

Wazee wa Mukogodo wanalijua jambo hili bila kwenda shule. Wayaaku, ambao msitu wa Mukogodo ni kwao, walikuwa watu wa nyuki kabla ya kuwa watu wa ng'ombe, na zamani hata mahari yao ilihesabiwa kwa mizinga. Sasa fikiri. Mtu ana bonde moja lenye miti ya maua. Akitundika mzinga wa kwanza, atapata asali kwa wingi. Akitundika wa pili na wa tatu, bado atafurahi. Lakini akifika mzinga wa ishirini katika bonde lile lile, nyuki ni wengi kuliko maua. Mzinga wa ishirini umemgharimu jasho sawa na wa kwanza, ila asali iliyoongezeka ni ya kulamba kidole. Ng'ombe katika malisho yaliyojaa ni vivyo hivyo.

Mwaka 1854 Mjerumani mmoja, Hermann Heinrich Gossen, aliandika kitabu akieleza kwamba raha tunayoipata katika kitu hupungua kadiri tunavyoendelea kukiongeza, mpaka tunafika mahali pa kutosheka. Wakati wake hakuna aliyemsikiliza sana. Hata hivyo kila mama aliyewahi kupakua chakula analijua jambo hilo: sahani ya kwanza kwa mwenye njaa ni uhai, ya pili ni furaha, ya tatu ni adabu tu kwa mwenyeji.

Angalieni kwamba hatusemi kitu cha ziada hakina faida kabisa. Faida huwa ipo. Tunasema inazidi kuwa ndogo huku bei ikizidi kuwa kubwa. Na katika mashine za muziki mambo haya mawili yanakimbiliana kwa kasi kuliko karibu kila kitu kingine cha nyumbani, kwa sababu ya namna Mungu alivyoliumba sikio.

Sikio halihesabu kama duka

Duka linahesabu wati. Sikio halihesabu hivyo. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kanuni yake inafaa kila mume aijue kabla hajatoa shilingi. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na hilo ni badiliko dogo ambalo mtu hulitambua kwa kutega sikio. Ili sauti ionekane kwa msikilizaji kuwa imekua mara mbili, inahitaji kuongezwa desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo mume aliyetoka wati 50 akaenda wati 100 amelipia mara mbili na amepata tofauti ambayo mke wake, akiwa jikoni, hataitambua.

Twende kwenye mahesabu. Spika ya kawaida ya nyumbani, ikipewa wati 1 tu, hutoa kiasi cha desibeli 88 kwa mtu aliye umbali wa mita moja. Mazungumzo ya kawaida mezani ni kama desibeli 60. Hebu rudia kusoma hapo. Wati moja tu tayari inazidi sauti ya watu wanaozungumza, tena inazidi sana. Wati 10 zitatoa 98, na wati 100 zitatoa 108, ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekaa nazo sebuleni. Na usiku wa Doldol si kama karibu na steji ya matatu Nanyuki. Pale nyumbani kimya ni kikubwa mno hata wati moja unaipunguza ili watoto walale.

"Lakini mashine yangu imeandikwa wati 10,000!" atasema mume mwingine. Ndiyo, imeandikwa. Tazama vizuri kando ya namba hiyo, utaona herufi PMPO. Herufi hizo zilienea kwenye maboksi ya redio kaseti tangu zamani, na bado zipo kwenye wufa nyingi. Hazina kipimo kinachokubaliwa na watu wote. Kila mtengenezaji anahesabu apendavyo, na wengine huhesabu nguvu ambayo mashine ingeweza kutoa kwa kufumba na kufumbua. Dawa yake ni rahisi. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma penye volti. Hapo huwa wameandika umeme ambao mashine inakula. Kama inakula wati 60, haiwezi kutoa zaidi ya 60, kama vile ng'ombe hawezi kutoa maziwa kuliko maji aliyokunywa. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile chenye herufi RMS.

Kibandiko hicho kina kazi nyingine kwa wale wanaotumia sola. Betri ya volti 12 yenye alama ya 100 Ah hubeba kiasi cha wati-saa 1,200, na betri za maji zinadumu zaidi kama hutumii kupita nusu, yaani 600. Mashine inayokula wati 60 kwa saa tano imekwisha kula 300, nusu ya halali yenu ya usiku ule. Balbu nne za wati 5 kwa saa hizo hizo zinakula 100. Basi mume anayeleta mashine inayokula wati 200 hanunui mashine peke yake. Ananunua na betri nyingine, na paneli nyingine, na inveta, ingawa dukani hawakumwambia.

Kuna jambo jingine la kusikitisha kidogo. Kijana wa miaka ishirini mwenye afya husikia sauti nyembamba hadi karibu hezi 20,000. Uwezo huo hupungua kadiri umri unavyokwenda, na watu wengi wenye miaka 50 hawasikii vizuri zaidi ya hezi 12,000 hivi. Sasa ni nani mwenye pesa ya kununua spika zinazosifiwa kwa sauti zao nyembamba kabisa? Ni baba wa miaka 50. Kijana mwenye masikio yake hana hata nauli. Mume amenunua sauti ambayo mtoto wake wa darasa la pili ndiye pekee anayeisikia, na mtoto huyo hajali, anataka kwenda kucheza.

Tena asiyejihadhari anaweza kutumia pesa nyingi kununua uziwi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima asisikilize desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda ule ukatwe nusu. Maana yake desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kipimo ni cha chini zaidi, desibeli 75. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi, na hakuna mtamba wa kuliuza likarudi.

Mlango mwembamba

Chukua mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba. Hata ukiupanua chini, maji yatapita kwa kadiri ya mdomo. Muziki nao ni vivyo hivyo: hautakuwa bora kuliko mahali pake pembamba kabisa.

Mume wetu wa Doldol anasikiliza nini? Mara nyingi redio ya FM, na nyimbo alizopewa kwenye flashi. Matangazo ya FM hayabebi sauti nyembamba kupita hezi 15,000. Ndivyo yalivyowekwa tangu mwanzo. Nyimbo za MP3 zilizonakiliwa kutoka simu hadi simu zimebanwa ili zikae nyingi mahali padogo, na zile zilizobanwa kupita kiasi zimekwisha kupoteza kitu ambacho hakuna amplifaya duniani itakayokirudisha. Kumuunganishia redio kama hiyo mashine ya bei kubwa ni kumvisha mbuzi kengele ya dhahabu.

Kinyume chake, CD halisi, ambayo kampuni za Philips na Sony ziliitoa mwaka 1982, inabeba hadi hezi 20,000 na zaidi kidogo, yaani sikio lote la binadamu. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Waliwasikilizisha watu muziki uliorekodiwa kwa namna za kisasa zinazosifiwa kupita CD, halafu muziki huo huo ukipitishwa katika kipimo cha CD, bila wasikilizaji kujua ni upi. Kati ya mara 554 walipatia mara 276. Hiyo ni nusu. Ungetupa sarafu juu ungepata hivyo hivyo. Na hao hawakuwa watu wa barabarani tu. Walikuwamo watu wa kazi ya kurekodi na wapenzi wakubwa wa muziki.

Ninajua hapa baadhi ya akina baba watasema kuna tofauti, wao wenyewe wameisikia. Nitalirudia hilo baada kidogo.

Mahali pengine pembamba ni chumba chenyewe. Nyumba ya mawe yenye sakafu ya saruji na mabati yasiyo na silingi hurudisha sauti kama bonde. Neno linatoka kwenye spika, linagonga ukuta, linagonga mabati, linarudi na kumkuta mwenzake. Mume anasikia ukungu katika sauti, anafikiri amplifaya ni mbaya. Akibadilisha amplifaya, ukungu unabaki, maana ulikuwa ukutani. Dawa ya sehemu kubwa ya ukungu huo iko tayari nyumbani: mapazia mazito, mkeka au zulia sakafuni, viti vya vitambaa, hata blanketi lililotundikwa ukutani nyuma ya mahali unapokaa. Besi inayovuma kama tumbo la ng'ombe nayo hutokana mara nyingi na spika iliyosukumwa kwenye kona. Ivute mbele hatua moja au mbili, isikilize tena. Hilo halina bei.

(Kamati za parokia nazo zisikilize hapa. Kanisa likiwa na mwangwi hata mahubiri hayaeleweki, kununua spika kubwa zaidi kunaongeza mwangwi pamoja na mahubiri. Afadhali spika ndogo zilizowekwa karibu na watu, zikielekezwa kwao na si darini.)

Kwa haki, tuseme pesa inafaa wapi. Spika ndizo zinazotofautiana kweli kweli, na kutoka kwenye spika mbovu za boksi la karatasi hadi spika nzuri za kawaida ni hatua ambayo kila mwenye masikio ataisikia. Amplifaya ikishakuwa safi, isiyonguruma na isiyochoka kwa sauti unayoitumia, iliyo ghali kuliko hiyo haitakupa mengi. Nyaya ndizo za mwisho. Kwa mita tano kutoka mashine hadi spika, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule ule ambao fundi wa stima hutumia kwa taa, unatosha kabisa. Anayekuuzia waya kwa bei ya mbuzi anakuuzia maneno.

Wenye pesa zao duniani wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitangaza spika za kuvaa masikioni, pamoja na amplifaya yake iliyokalia kipande cha marumaru, kwa bei ya karibu yuro 50,000. Tusiwacheke, huenda ni kazi nzuri ya mikono. Lakini hata walioitengeneza hawawezi kusema kwamba inasikika mara elfu moja kuliko ile ya yuro 50.

Jaribio la leso

Sasa lile nililoahidi. Mume anasema, "Mimi nasikia tofauti." Mke anasema, "Ni mawazo yako." Mkiendelea hivyo mtagombana hadi Pasaka. Badala ya kubishana, fanyeni jaribio. Ninalipenda kwa sababu linahitaji watu wawili, na mmoja wao lazima awe yule asiyependa mashine.

Mume aazime kwa siku moja ile amplifaya anayoitamani, au wasikilize dukani Nanyuki ikiwa mwenye duka anakubali. Mashine zote mbili zifunikwe kwa leso. Mume akae ameziangalia mgongo. Mke, au mtoto mkubwa, au fundi, achague kwa kutupa sarafu ni ipi ipigwe, aandike kwenye daftari, kisha apige kipande kile kile cha wimbo kwa nusu dakika. Mume aseme ni ipi. Mashine zizimwe kila mnapobadilisha nyaya, msije mkaunguza spika ya watu. Rudieni mara kumi.

Kuna sharti moja ambalo likivunjwa jaribio lote ni bure: sauti ziwe sawa kwa ukubwa. Sikio la binadamu likisikia sauti iliyo juu kidogo tu huiita nzuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Siku hizi simu nyingi zina programu ya kupima desibeli; iwekeni pale mume anapokaa, msawazishe kabla ya kuanza. Na msisahau mume asimwone mke usoni. Uso wa mke ni kitabu, na mume wa miaka kumi anaweza kukisoma hata gizani.

Akipatia mara 9 au 10 kati ya kumi, mke akubali: tofauti ipo, maana anayebahatisha tu hupata hivyo kama mara moja katika mia. Akipatia 7, msishangilie bado. Anayebahatisha hufika 7 au zaidi karibu mara moja katika kila sita. Akipatia 5, mashine haina la kumwongezea. Hapo mke asipige vigelegele wala asiende kuwasimulia jirani kwenye foleni ya maji. Mume aliyekubali kupimwa mbele ya mkewe ametoa kitu cha thamani, na akidhihakiwa hatakubali tena kupimwa katika jambo lolote.

Swali linalobaki

Tuseme amepatia 5, na bado anataka kuinunua. Hapa ndipo ukurasa huu una kazi, maana mambo ya wati na desibeli fundi angeweza kuwaeleza. Kama kinachonunuliwa si sauti, ni nini?

Huenda ni heshima. Rafiki yake wa kazini ameleta kubwa, naye anaona nyumba yake imekuwa ndogo. Huenda ni matumaini: ile siku ya kufungua boksi, harufu ya plastiki mpya, wiki mbili za kufikiri kwamba maisha yamebadilika. Wiki mbili zikipita, raha inakwisha na hamu ya kitu kingine inaanza, kwa hiyo hafiki kamwe mahali pa kutosheka. Huenda pia, na hili liulizwe kwa upole, anatafuta kelele ya kufunika kimya kilichoingia kati yenu. Mume ambaye kila jioni anafungua muziki mara tu mke anapoanza kusema hana shida ya spika.

Na huenda ni jambo la wazi kabisa: ni kitu kimoja tu kilicho chake. Mshahara unakwenda kwa karo, kwa wazazi, kwa daktari wa mifugo, kwa michango ya harambee. Mashine ile ndiyo pekee aliyoichagua mwenyewe. Mke akilielewa hilo hataita muziki "kelele zako" tena. Atajua kwamba mumewe anahitaji kuwa na kitu, na wanaweza kupatana kiwe na ukubwa gani.

Mke naye ajipime kwa kipimo hicho hicho, kwa sababu sheria ya mzinga wa ishirini haina upendeleo. Kabati la vikombe ambavyo hakuna mgeni amewahi kunywea, leso ambazo hazijafunguliwa, ni amplifaya za namna nyingine. Hata tangi lenyewe lihesabiwe. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita sita kwa nane ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 ni lita 960, na mkitoa inayomwagika na kunyauka mtapata kama 800. Tangi la kwanza la lita 5,000 litajaa kwa mvua kadhaa nzuri za namna hiyo na kumwondolea mama safari nyingi za mtungi. La pili litasaidia kuvusha kiangazi kirefu. La nne, kwa paa lile lile, litakaa likipigwa na jua. Wenye mifugo wa Laikipia hawajasahau ukame wa tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo mvua ikikosa kutosha katika sehemu kame za Kenya na nchi jirani. Aliyekuwa na maji nyumbani na aliyekuwa na spika kubwa hawakuuona mwaka huo kwa jicho moja. Lakini nasi tusilifanye tangi kuwa sanamu.

Basi namna ya kupanga ni hii. Msilinganishe mashine na tangi kwa ujumla, maana hapo kila mtu atatetea lake. Linganisheni hatua inayofuata ya kila kimoja. Mume aliye na redio inayokwaruza na mke aliye na matangi matatu: hapo wufa ndiyo inayofuata, na mke aseme hivyo wazi. Mume aliye na amplifaya na spika za kiunoni, na mke anayefuata maji kilomita mbili: mtamba wa pili unajulikana unakwenda wapi. Mtoto wa shule asiye na taa ya kusomea atangulie wote wawili.

Vikao vya namna hii visifanyike siku ya mshahara, wala siku mume amerudi kutoka Nanyuki akiwa ameonyeshwa kitu dirishani. Chagueni Jumapili jioni, watoto wamekwisha kula. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake vitu vitatu ambavyo vikiongezwa sasa vitaleta badiliko kubwa nyumbani, mbadilishane karatasi, msome kimya kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Wapo watakaokuta kitu kimoja kimeandikwa kwenye karatasi zote mbili, na hicho kianze.

Kisha wekeni ahadi ya kiasi: kitu chochote kinachozidi thamani ya mbuzi mmoja, kisinunuliwe na mmoja kabla mwingine hajalala usiku mmoja akijua. Hatusemi kuomba ruhusa kama mtoto. Tunasema kujua. Mikopo ya kwenye simu na ununuzi wa kulipa kidogo kidogo ihesabiwe humo humo kwa bei yote, si kwa kipande cha kila siku, maana kipande cha kila siku ndicho kinachomfanya mtu aone mtamba mzima kama bei ya chai.

Na mashine iliyoko nyumbani, ile mliyokwisha kuilipia? Msiiuze kwa hasira. Ivuteni kutoka kwenye kona, tandikeni mkeka, ondoeni zile nyimbo zilizobanwa na mtafute nakala nzuri za mnazozipenda ninyi wawili, hata zikiwa kumi tu. Punguzeni sauti mpaka pale ambapo mtu aliye upande wa pili wa meza anaweza kusema neno na mwenzake akalisikia, kisha wimbo wa kwanza achague mke.